Gereji iliyonifanyia tanki la Hilux kutoka EFI kwenda kabureta: kazi safi ila bei waseme mapema

Wakuu, naleta mrejesho wa gereji moja ya Dar iliyonibadilishia Hilux yenye injini ya 22R-E kutoka EFI (mafuta yanapulizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta) ikawa kabureta (ile ya zamani, hewa yenyewe inavuta mafuta, haina kompyuta). Sababu ya kubadili ni kontrol boksi (kompyuta ya injini) kufa, na kipima hewa (sensa ya hewa inayoingia kwenye injini) kilishachokonolewa hadi basi, spea ya uhakika shida, na gari yenyewe kazi yake ni kubeba mzigo wa shamba. Injini ni ile ile ya cc 2366, Toyota wenyewe waliitoa ya kabureta (22R) na ya EFI, so upande wa juu hauna maajabu.

Maajabu yako kwenye tanki, na hapo ndo nawapa maua yao hawa jamaa. Gereji nyingi nilizoulizia walikuwa wanaongelea kabureta tu, ukigusia tanki unaambiwa pampu iliyomo inatosha, tutabana presha mbele huko. Jamani, pampu ya EFI inasukuma psi (kipimo cha presha) 35 hadi 40 hivi na kabureta inataka psi 3 hadi 5 basi. Ukiiachia ile presha, sindano ya kwenye bakuli la kabureta haiwezi kufunga, petroli inafurika, inashuka kwenye silinda inaosha oili, au inamwagikia eksozi ya moto na hapo unaaga gari.

Huyu fundi cha kwanza alichosema ni "kaka, tanki tunashusha". Wakalitoa, wakamwaga mafuta yote, wakaliosha, kutu iliyotoka humo chini ilikuwa nyingi sana, na uchafu wote ule ungeenda kuziba jeti za kabureta (vitundu vidogo vya kupitisha mafuta). Halafu kitu nilichompendea zaidi, alikataa kabisa kusogeza moto karibu na tanki. Tanki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, mvuke unabaki humo hata ukiliacha wazi, kuna watu wanalipuka kila siku kwa kuchomelea matanki. Yeye alifungua boliti za kile kifuniko cha juu ambacho pampu inaning'inia, akatoa pampu, akakisafisha kifuniko peke yake, akaenda kukichomelea paipu ya kuvutia upande wa pili wa gereji. Paipu inashuka mpaka inabaki kama sentimita moja na nusu toka chini, ili isivute maji na tope, na mwisho wake kaweka chujio lile la soksi, jipya.

Nilimuuliza kwa nini asiiache tu pampu ya zamani humo ndani bila umeme, akanielewesha vizuri kwamba ile ina valvu ya kuzuia mafuta yasirudi, ukivutia mafuta kupitia pampu iliyokufa inakuwa kama kunywa uji kwa mrija mwembamba, gari ikipanda mlima inakosa mafuta.

Pampu mpya ni ya umeme ya presha ndogo, kaifunga nje kwenye chesisi, jirani na tanki na chini ya usawa wa mafuta, maana hizi zinajua kusukuma, kuvuta kwa mbali haziwezi. Filta ipo kabla ya pampu. Paipu ya riturni hakuiziba, kaiacha irudishe mafuta tankini, na kwa joto la Dar hilo ni muhimu sana, mafuta yakisimama kwenye paipu juu ya injini ya moto yanageuka mvuke na gari inakufa kwenye foleni. Paipu ya kupumulia tanki nayo kaipuliza mpaka ikafunguka, wengi wanaitupa au wanaiziba, halafu tanki linajinyonga, ukifungua mfuniko unasikia fyuuu.

Umeme wa pampu pia kauwaza. Mwanzo rilei ya pampu (kifaa kinachoipa umeme) ilikuwa inategemea swichi ya kwenye kipima hewa, sasa kipima hewa hakipo, so kapitisha waya kwenye swichi ya presha ya oili, injini ikizima pampu nayo inakata hata kama switi ya ufunguo iko on. Ukipata ajali petroli haiendelei kumwagika. Hii mafundi wengi wanaunga moja kwa moja kwenye switi, na mimi naona ni uuaji.

Sasa yasiyonifurahisha. Kuosha tanki walilihesabu pembeni na sikuambiwa mwanzo, bei ya kwanza niliyopewa ilikuwa kama ndo kila kitu. Filta wameiweka sehemu mbovu, kuibadili lazima ulale chini ya gari na mkono haufiki vizuri. Na hozi ya kwanza waliyoleta ilikuwa ile ya plastiki ya kuonesha, nikaikataa, inakakamaa na kupasuka, wakaleta ya mpira ya petroli bila ubishi. Geji ya mafuta haijaguswa, boya ni lile lile na inasoma vizuri.

Gari inawaka vizuri asubuhi, haina misi (haikatikikatiki), harufu ya petroli hamna. Mafuta inakula zaidi kidogo kuliko enzi za EFI, hilo nililitarajia. Ukienda kwao sema kabisa unataka filta ikae unapoifikia, na bei ya kuosha tanki iandikwe kabla hawajalishusha. Kama tanki lako limetoboka kwa kutu wao hawalizibi, wanakwambia utafute lingine, na mimi nawaunga mkono.