Curious Minnesota: uzoefu wangu na huduma inayojibu maswali ya wakazi

Ukihamia Minnesota, watu watakufundisha mambo mengi bila hata kuwaomba. Watakuonyesha namna ya kuvaa nguo juu ya nguo, namna ya kuendesha gari kwenye barafu, na duka linalouza unga wa ugali. Wasichokwambia ni kwa nini mambo yako hivyo. Kwa nini Jumapili huwezi kununua gari? Kwa nini katikati ya Minneapolis watu wanapita juu kwa juu ndani ya vioo huku njia za chini ziko wazi? Na Wasomali wote hawa walifikaje kwenye baridi hii? Ukiuliza kazini unaogopa kuonekana mshamba. Ukiwauliza Wakenya wenzako hapa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, utapata majibu matatu yasiyofanana, na kila mmoja anaapa kuwa lake ndilo.

Ndiyo maana nimeizoea Curious Minnesota. Ni huduma ya gazeti la Minnesota Star Tribune, lile ambalo hadi 2024 lilikuwa Star Tribune tu. Mkazi anatuma swali lolote kuhusu jimbo, mwandishi anaingia kwenye nyaraka na kuzungumza na wanaojua, kisha jibu linachapishwa pamoja na jina la aliyeuliza na mji anakotoka. Kuna podikasti pia. Mtindo wenyewe si wao walioubuni. Redio ya WBEZ ya Chicago ilianza Curious City mwaka 2012, na vyumba vya habari vingi vikafuata.

Mimi ni mtu wa Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kwa hiyo lililoninasa kwanza ni swali la mpaka. Tazama ramani ya Minnesota: huko juu kabisa kuna kidole kimechomoza kuelekea Kanada. Panaitwa Northwest Angle, na ndiyo sehemu pekee ya majimbo 48 yaliyoungana inayovuka latitudo ya 49 kwenda kaskazini. Ziwa linaloitwa Lake of the Woods limeitenga na jimbo lake. Mkazi wa huko akitaka kuja kwetu kwa gari inabidi aingie Kanada, apite Manitoba, ndipo avuke tena mpaka kurudi Marekani. Yaani anatoka nchini mwake ili afike nchini mwake.

Chanzo chake ni mkataba wa Paris wa 1783, uliomaliza vita vya uhuru wa Marekani. Wajumbe walitumia ramani ya John Mitchell ya mwaka 1755. Kwenye ramani hiyo, kona ambayo ingeonyesha Mississippi unaanzia wapi ilikuwa imefunikwa na ramani nyingine ndogo iliyochorwa juu yake. Wakakisia. Wakaandika kwamba mpaka utoke pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa lile, uende magharibi moja kwa moja mpaka uukute mto. Lakini Mississippi haufiki huko. Unaanzia Ziwa Itasca, upande wa kusini. Schoolcraft, ambaye vitabu vinampa sifa ya kukiona chanzo hicho mwaka 1832, aliongozwa na Ozaawindib, Mwojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa hapa, ambaye hakuhitaji kugundua chochote maana alikuwa kwao. Mwaka 1818 Waingereza na Wamarekani wakakubaliana wafuate latitudo ya 49, na ili kuiunganisha na ile pembe ya zamani wakashusha mstari kutoka kwenye pembe hiyo hadi kwenye latitudo. Mstari huo ndio uliokiacha kidole peke yake.

Nilipolisoma hilo nilicheka, kwa sababu sisi tumekua na hadithi yetu ya aina hiyo. Mtoto wa Taveta huambiwa kwamba mpaka wa Kenya na Tanganyika ulipinda kwa vile Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Mjerumani Mlima Kilimanjaro. Ni hadithi tamu sana. Mkataba uliopitisha mstari kaskazini ya mlima ni wa 1886, na mjukuu mwenyewe, Wilhelm, alikuja kuwa Kaisari mwaka 1888. Hapakuwa na zawadi. Palikuwa na wazungu wawili mezani wakigawana visivyo vyao. Kwa hiyo ninapopima huduma ya namna hii, kitu cha kwanza ninachotazama ni kama wanaweza kuiacha hadithi tamu wakafuata karatasi. Hawa wanaweza, na hata pale ambapo karatasi hazitoshi wanasema hazitoshi.

Yale madaraja ya vioo yanayounganisha majengo ya katikati ya Minneapolis niliyadhania ni suala la baridi tu. Baridi imo. Lakini mwaka 1956, Southdale lilifunguliwa Edina, jumba la maduka lililofungwa lote na kupashwa joto, la kwanza la aina yake Marekani, na wenye majengo ya katikati ya mji wakaona wateja wanahamia viungani. Mjenzi mmoja, Leslie Park, akapigania majengo yaunganishwe kwa juu, na daraja la kwanza likafunguliwa 1962. Kumbe ule mtandao wote ulizaliwa kwenye ushindani wa biashara. Tangu nijue hilo nimeacha kushangaa kwa nini milango mingi ya kule juu inamwelekeza mtu dukani.

Faida kubwa kwangu, hata hivyo, imekuwa kazini. Ninahudumia wazee kwenye nyumba ya kulea, kama Wakenya wengi wa hapa. Kazi hii ina saa ndefu za kukaa na mtu ambaye hamna cha kuzungumza: yeye alizaliwa shambani kati ya Wanorwe, wewe ulizaliwa chini ya Kilimanjaro, na hali ya hewa mmeimaliza tangu asubuhi. Swali dogo lililojibiwa vizuri linafungua mlango. Kuna lile la mchezo wa watoto wa kukaa duara, mmoja anazunguka akigusa vichwa. Marekani nzima mtoto husema bata, bata, halafu bata bukini, na anayeguswa kwa neno hilo anaamka kumfukuza. Minnesota pekee wanasema bata wa kijivu, na inaaminika ulikuja hivyo na Waswidi. Siku moja nilimuuliza bibi mmoja ambaye kwa kawaida hunijibu kwa kichwa tu. Akainua mkono, akaanza kugonga meza kwa vidole viwili, taratibu, akipita kwenye kikombe, kijiko, sahani ya dawa: bata mwekundu, bata wa bluu, bata wa kijani, bata wa zambarau. Alipofika kwenye mkono wangu akasita, akanitazama, akaupiga kofi: kijivu! Akanieleza kuwa utamu wote uko hapo kwenye rangi, kwa sababu mwenzako anasikia herufi za mwanzo za kijani kwa Kiingereza (green), anadhani ni kijivu (gray), anaruka bure. Hilo la herufi hakuna Mkenya aliyewahi kunieleza.

Chakula nacho. Hotdish ni nyama ya kusaga, supu nzito ya uyoga ya kopo, mboga kidogo, na juu vinapangwa vipande vidogo vya viazi, safu kwa safu, kisha sinia linaingia ovenini mpaka viazi viwe vya kahawia. Mgeni akiletewa hukisia ni mabaki ya jana. Kwa wenyeji ni chakula cha msiba, cha mgonjwa na cha kanisani, na mapishi ya kale kabisa yanayojulikana kwa jina hilo yako kwenye kitabu cha akina mama wa kanisa la Kilutheri la Grace, Mankato, mwaka 1930. Ladha yake? Inashibisha. Tuishie hapo.

Ila Mankato hiyohiyo, tarehe 26 Desemba 1862, Wadakota 38, wenyeji wa asili wa eneo hili, walinyongwa kwa pamoja baada ya vita kati ya watu wao na serikali ya Marekani. Hakuna kunyonga kwa wengi kwa wakati mmoja kulikozidi huko katika historia ya nchi hii. Nalitaja kwa sababu ndiyo hatari ya huduma yoyote inayoishi kwa udadisi: ni rahisi kubaki kwenye bata na viazi. Ukitaka kupata thamani yake, usiishie kwenye swali la kwanza. Fuata majina ya miji. Mimi huwa nafungua pembeni MNopedia, kamusi elezo ya bure ya Chama cha Historia cha Minnesota, na hizo mbili zikisomwa pamoja zinatosheleza.

Kwa njia hiyo ndiyo nilivyoifahamu Rondo. Ukiendesha gari kwenye barabara kuu ya I-94 kati ya Minneapolis na St. Paul, unapita kwenye bonde la saruji, kuta pande zote mbili, na hakuna chochote cha kukwambia uko wapi. Uko Rondo. Ulikuwa mtaa wa Wamarekani weusi wa St. Paul, wenye makanisa, vinyozi, maduka, vilabu vya kijamii, na wafanyakazi wa reli waliojenga nyumba zao wenyewe. Miaka ya 1950 na 1960 barabara ikapitishwa katikati. Mamia ya familia zikahamishwa. Mpangaji mkuu wa mji, George Herrold, alikuwa amependekeza njia nyingine kaskazini, sambamba na reli, ambayo isingebomoa mtaa ule, lakini haikukubaliwa. Mwaka 2015 meya wa St. Paul aliomba radhi hadharani. Watu wa Rondo wenyewe hawakungoja radhi: tangu 1983 wana sherehe zao za Rondo Days, zinazofanyika Julai. Nenda. Utakula vizuri, na wazee watakuonyesha kwa kidole, hewani juu ya magari, mahali ilipokuwa nyumba ya mama yao.

Swali la Wasomali limejibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Vita vilipolipuka 1991 watu walikimbia, wengi wakapitia kambi za Kenya, na wengi hawakuletwa Minnesota moja kwa moja. Walifika kwanza kwenye majimbo mengine. Halafu zikaja habari za viwanda vya nyama, kama kile cha bata mzinga mjini Marshall, vilivyoajiri hata mtu asiyejua Kiingereza, na ndugu akamwita ndugu. Mashirika ya makanisa yaliyokuwa yamezoea kupokea Wahmong, wakimbizi kutoka Laos, tangu miaka ya 1970 yakawa tayari yana uzoefu. Ninayaamini haya kwa sababu yanalingana na ninayoyasikia Karmel, lile soko la Kisomali la Minneapolis. Ukienda pale kununua sambusa, jaribu Kiswahili. Mama anayemimina chai anaweza kukujibu kwa lafudhi ya Eastleigh, Nairobi, akakuuliza unatoka wapi, na akakupunguzia bei kwa sababu ya jibu.

Sasa kasoro. Makala yako kwenye gazeti la kulipia, na ukisoma machache utaombwa ujiandikishe. Kwa anayetuma fedha nyumbani kila mwezi, hiyo ni gharama ya kufikiria mara mbili. Podikasti ni bure, nami huisikiliza nikienda zamu ya usiku, ila inaenda polepole; mtu wa haraka asome. Lugha ni Kiingereza cha gazeti, si kigumu, lakini mzazi aliyekuja uzeeni atahitaji mtoto wa kumtafsiria.

Kasoro ya pili ni ya mfumo wenyewe. Jibu linafuata swali, na swali linafuata anayejisikia kuwa na haki ya kuuliza. Kwa niliyoyasoma mimi, ziwa, shule, bia na mpira wa magongo wa barafuni vimeshiba maswali. Sisi tunaulizwa habari zetu na majirani, lakini hatujiulizi wenyewe. Kwa nini Wakenya walijazana Brooklyn Park na Brooklyn Center na si kwingine? Nani alikuwa wa kwanza, na alifuata nini: chuo, hospitali au binamu? Nyumba za kulea wazee ziliingiaje mikononi mwa wauguzi wetu? Kila harusi nasikia nadharia mpya. Fomu ya kutuma swali ni fupi, haiulizi hati za ukazi, na inatosha sentensi moja. Wenzangu, tuijaze.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Inamfaa zaidi mtu anayefanya kazi na wenyeji, mwalimu, dereva wa teksi, muuguzi, na mzazi ambaye mtoto wake anarudi kutoka shule na historia ya jimbo asiyoijua yeye. Kama huna bajeti ya gazeti, anza na podikasti na MNopedia, kisha ukipata Jumamosi nenda maktaba ya Minnesota History Center, St. Paul. Hailipishwi kuingia kusoma, na magazeti yao ya zamani mengi yako pia kwenye intaneti bure, unaandika jina la mtaa wako kwenye kisanduku cha kutafutia na kuanza kusoma.