Roma kwa bajeti: ulale Termini au Ostia?

Hapa Malindi kila anayepata viza ya Italia anauliza hili, na mimi sina jibu moja. Kwa bei, gesti za Termini, yaani karibu na stesheni kuu ya treni, ni nafuu ukizingatia uko katikati ya mji, Ostia, huko ufukweni, kiangazi inapanda maana Warumi wote wanakimbilia baharini, na kodi ya jiji utalipa kote kote, kwa kila mtu kila usiku, kwa hiyo uliza kabisa kabla hujabuku.

Usafiri Termini inashinda wazi, Leonardo Express, treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, ni dakika 32 na Colosseo, ule uwanja wa kale wa Warumi, ni vituo viwili vya metro, Ostia ni treni ya kama nusu saa mpaka stesheni ya Porta San Paolo mjini na hiyo treni kuchelewa ni kawaida yake.

Lakini usiku jamani. Pale Termini, upande wa barabara ya Via Giolitti, utakuta walevi, watu wamelala kwenye maboksi, na wezi wa mifukoni wako mpaka ndani ya stesheni, mtu anashika sanduku lako eti anakusaidia, mwambie no grazie ukaze mwendo. Mchana mtaa huohuo una soko la Esquilino, bamia, viungo, nyama halali, unapikia chumbani kama kuna jiko.

Dada unayekwenda na watoto, mi ningekupeleka Ostia. Una siku mbili tu na ndege ya alfajiri, lala Termini, ila pawe na mtu mapokezi usiku kucha.