Siagi ya kuchanganya na viungo: kabla hujauliza bei, tazama pembe

Wifi yangu aliyeko Ohio, kila ikifika Oktoba, hunitumia sauti za WhatsApp ndefu kama hotuba ya harusi. Huko kwao majani yanapukutika, baridi imeanza, na kila duka linanukia mdalasini. Mwaka jana akanielekeza siagi tamu ya viungo wanayopaka kwenye mikate ya moto msimu huo. Ni siagi, asali, mdalasini, kungumanga na karafuu chembe. Nikamwambia, wifi, mbona hii yetu kabisa? Sisi majani hayatupukutikii, lakini vuli tunayo. Mvua inapiga bati Makorora hapa Tanga, boflo limetoka kwenye tanuri sasa hivi, na viungo vyote hivyo vinashuka kutoka Muheza na Amani, wala hatuvifuati ng'ambo. (Anayo na nyingine anaiita siagi ya matufaha. Nimeuliza mara tatu nikahakikishiwa kwamba ndani yake hamna siagi hata tone, ni matufaha yaliyopikwa yakawa mazito. Hiyo tuiache hukohuko.)

Basi nikaenda duka moja hapa mjini, jina nalihifadhi, nikatoa shilingi 14,000 kwa pakiti ya gramu 250. Usiku nikaipiga na asali, nikatia viungo, nikafunika bakuli, friji. Asubuhi wageni wa mume wangu wamekaa, chapati zinafuka, nafunua bakuli mbele za watu. Juu vidimbwi vya maji ya kahawia. Chini chenga chenga, kama uji uliosahauliwa kukorogwa. Mama mkwe akachovya kijiko, akakiinua kwenye mwanga, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni dawa ya kikohozi?"

Nikacheka na wao. Moyoni sikucheka.

Nilijilaumu wiki nzima, nikasema asali ilizidi, mara nikasema nilipiga sana. Nikarudia kwa pakiti nyingine ya dukani kwa yuleyule, yakawa yaleyale. Nikarudia kwa siagi ya duka jingine, asali ileile, mwiko uleule, ikatoka laini kama losheni. Hapo ndipo nikaanza kuichunguza siagi yenyewe, na tangu siku hiyo nyumbani kwangu wananiona nimechanganyikiwa, maana kila pakiti naigeuzageuza kama mwenye kununua dhahabu.

Kosa lilikuwa hili: siagi ile iliwahi kuyeyuka, ikagandishwa tena, ikauzwa.

Siagi halisi si mafuta matupu. Kwa viwango vya kimataifa inatakiwa iwe na mafuta ya maziwa asilimia 80 kwenda juu, na maji yasizidi asilimia 16. Kwa pakiti yangu ya gramu 250, hayo maji yanaweza kufika gramu 40, vijiko vya chakula viwili na nusu hivi. Huyaoni kwa sababu yamefungwa ndani ya mafuta kwa matone madogo mno. Siagi ikishayeyuka, matone yanakutana na kuungana. Ukiirudisha kwenye friji, mafuta yanaganda polepole kwa chenga, na maji yanabaki pembeni yanasubiri. Hainuki vibaya. Tarehe ya mwisho iko mbali. Ukiipaka kwenye mkate vivi hivi huenda usijue lolote. Subiri uipige na asali, ambayo nayo ina maji yake, ndipo uone mafuriko.

Na kuyeyuka kwenyewe si kazi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa Februari hapa Tanga, ndani ya duka la bati, joto hilo linafika bila kusukumwa. Ongeza umeme kukatika. Ongeza na wale wanaozima friji usiku ili LUKU, umeme wa kulipia kabla, isiishe haraka, halafu asubuhi wanawasha, na wewe saa nne unauziwa kitu kilichokwisha kuwa supu mara tano.

Kwa hiyo ladha sitaizungumzia, rangi sitaizungumzia, kopo au karatasi shauri yako. Dukani tazama pembe. Siagi ambayo haijayeyuka ina pembe kali kama tofali jipya. Iliyoyeyuka pembe zake zimelala, imekuwa kama kipande cha sabuni kilichoogewa wiki mbili. Halafu pitisha kidole kwenye mikunjo ya karatasi ile ya nje. Ukikuta mafuta yamekauka humo yakawa kama nta, rudisha rafuni. Ukifika nyumbani, kata katikati, bonyeza kwa ubapa wa kisu. Unyevu mwembamba kama jasho la pua ni kawaida. Matone yakikutana na kutiririka mpaka kwenye sahani, umepigwa, na kurudisha huwezi, kwa sababu ukutani wameshakuandikia kwa kalamu nene, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Sasa ipi ununue. Namba moja kwangu ni Tanga Fresh, na mtakaosema napendelea cha nyumbani, ndiyo, napendelea. Lakini sababu yangu ni ya pembe. Kiwanda kiko hapahapa Tanga, maziwa yanatoka kwa wafugaji wadogo wa mkoa huu kupitia ushirika wao, na kutoka mlangoni mpaka dukani ni safari ya dakika. Siagi haijapanda meli, haijalala bandarini, haijabadilisha friji mara sita. Kila pakiti niliyobahatika kuipata ilikuwa na pembe zake zote. Neno lenyewe ni hilo, "niliyobahatika". Maziwa yao na mtindi utavikuta kila kona ya Ngamiani, ila ukiuliza siagi muuzaji anakutazama kama umeomba theluji. Jamani wenye kiwanda, mkisoma haya, tuongezeeni. Siku nikiikuta nachukua mbili, moja naigandisha kabisa. Siagi inavumilia barafu vizuri, ni kuyeyuka tu ndiko kunakoiua.

Namba mbili ni Kerrygold isiyo na chumvi, ile ya Ireland. Ni siagi nzuri, sina kinyongo nayo, mafuta yake ni asilimia 82, na ule unjano unatokana na ng'ombe kula majani mabichi. Ila fikiria njia iliyopita. Ireland mpaka bandari ya Dar, Dar mpaka hapa kilometa kama 350, tena kwenye lori ambalo hujui dereva alisimama Segera kula kwa muda gani. Mwenye kosa hapo si mtengenezaji, ni mikono yote iliyopo katikati. Inunue kwenye duka lenye jenereta, tena siku ya katikati ya wiki ambayo umeme haukukatika usiku wake. Bei yake inaumiza, ni kama unanunua kilo ya nyama halafu unaipaka kwenye mkate. Za Kenya zinazopitia mpaka wa Horohoro nazo zimo humuhumu, ukizikuta na pembe zake chukua.

Namba tatu itawashangaza, ni samli. Samli imeshapikwa maji yakaisha, kwa hiyo haina cha kuvuja, na friji haiitaki. Tatizo ni kwamba asali haishikani nayo, inazama chini kama jiwe. Tumia sukari guru iliyosagwa ikawa unga, au sukari ya unga ya keki, na upige samli ikiwa imeganda, siyo ya maji. Kwa viazi vitamu vya kuchemsha haina mpinzani. Lakini nunua kwa mtu unayemjua. Ile inayoletwa kwenye chupa na kina mama wa Kimasai kutoka Handeni, ukifungua inanukia moshi kidogo na maziwa. Ukikuta chupa inang'aa mno, haina harufu, na haigandi hata asubuhi ya Julai, hapo mtu ameshachanganya na mafuta ya kula.

Blue Band tunaiita siagi tangu utotoni, ila ni majarini, mafuta ya mimea. Watoto watakula. Vile vikopo vya bei ya chini kabisa, soma maandishi madogo ya mafuta kwa kila gramu 100. Vingine ni maji karibu nusu. Tuendelee.

Asali nayo inaweza kukuangusha hata kama siagi ni nzima. Msinitilie asali ya nyuki wadogo humu. Najua ni tamu, najua ni dawa, najua imewagharimu, lakini ni nyepesi ina maji mengi. Chukua asali ya nyuki wa kawaida, nzito, ile ambayo ukiinua kijiko inashuka kama uzi bila kukatika. Mdalasini nunua wa vijiti, ule wa magome membamba yaliyoviringana ndani kwa ndani, usage mwenyewe. Wa unga wa kwenye vifuko sokoni sijui wamesaga nini, siku moja nilikuta kijiti cha ufagio. Iliki vivyo hivyo, nunua yenye maganda ya kijani, umenye.

Vipimo vyangu ni hivi. Siagi gramu 250 isiyo na chumvi, iliyokaa mezani mpaka kidole kinazama bila kulazimisha, lakini haijang'aa. Ikishaanza kung'aa umechelewa, irudishe kidogo ndani. Ipige peke yake kwanza dakika tatu nne mpaka iwe nyeupe. Ndipo asali vijiko vitatu vya chakula, kimoja kimoja, siyo vyote kwa mkupuo. Mdalasini kijiko cha chai, iliki nusu, kungumanga robo, karafuu ya unga ncha ya kisu tu maana ikizidi utadhani unatibu jino. Chumvi chembe. Wifi anasema huko kwao mchanganyiko wa namna hii wanauita viungo vya boga, na boga lenyewe halimo. Sikuuliza zaidi.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye duka lile la mwanzo, safari hii na deli langu la barafu mkononi. Nikaomba pakiti, nikaigeuza. Pembe zimelala zote nne.

"Mama, hii imeingia juzi tu," mwenye duka akaniwahi.

"Mbona imelegea hivi pembeni?"

"Ni usafiri tu huo, mama yangu. Ndani iko safi."

"Na usiku friji mnazima?"

"Friji hii? Haijawahi kuzimwa tangu ifike hapa."

Kijana aliyekuwa anapanga sabuni nyuma akainua kichwa. "Si tunazima saa nne, bosi, tukifunga?"

Nikachukua mtindi, nikalipa, nikaondoka.