“Kwani wewe ni Mlatino?” Nilivyojibiwa na redio ninayoichangia

Jambo lenyewe lina miezi kadhaa sasa, lakini hasira haijaniisha. Nilikipigia simu kituo cha redio ya umma cha mji tunaoishi, kituo nilichokichangia dola 10 kila mwezi kwa miaka, kuuliza kimeenda wapi kipindi cha Latino USA, kile cha habari za Walatino, yaani watu wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Dada aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Kwani wewe ni Mlatino?”

Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Marekani nafanya kazi chumba cha kufulia hotelini: mashuka, foronya, taulo, kutwa. Kuvaa visikizi vya simu masikioni hakuruhusiwi kwa sababu ya mashine, ila juu ya rafu ya sabuni kuna redio ya zamani, na Jumamosi mchana hakuna aliyethubutu kugusa stesheni. Saa ile ikifika tulikuwa tunazima mashine mbili za kukaushia ili tusikie vizuri. Msimamizi alijua, hakusema neno.

Tulichokuwa tunangojea ni sauti ya Maria Hinojosa, mtangazaji wa kipindi. Amezaliwa Mexico City, amekulia Chicago, na hata akiwa katikati ya Kiingereza jina lake hulitamka Kihispania hasa. Halilainishi ili wenyeji walimeze. Kipindi kilianza kurushwa 1993 kutoka Austin, Texas. Siku hizi kinatengenezwa Harlem na shirika aliloanzisha mwenyewe. Mwisho wa kipindi humwambia msikilizaji “no te vayas”, usiondoke. Hicho ndicho Kihispania changu cha kwanza, kabla sijajua hata kuomba maji.

Pale kazini nipo na mama mmoja wa La Ceiba, Honduras. Ni Mgarifuna, kabila la watu weusi wa pwani ile, mweusi kama mimi, wageni wa hoteli hudhani tumezaliwa pamoja. Mwanzoni tulikuwa tunazungumza kwa vidole. Siku moja redio ikaleta habari ndefu ya magenge na mauaji kule Honduras, kazi ambayo baadaye ilipata Peabody, tuzo kubwa ya utangazaji Marekani, na yule mama akaketi juu ya furushi la taulo akalia. Kuanzia siku hiyo akawa ananisimulia. Wazee wake walifukuzwa na Waingereza kisiwani Saint Vincent, huko Karibi, mwaka 1797, wakaenda kutupwa Roatán, kisiwa cha Honduras. Akanieleza chakula chao: samaki kwa tui la nazi, ndizi za kuponda, mkate wa muhogo. Nikamwambia, mama, hicho ni chakula cha Pangani. Hakuniamini mpaka nilipompikia.

Sasa mtu aliyekaa kwenye kiti anauliza kama mimi ni Mlatino! Nilipomweleza mwenzangu, alikunja shuka lote kimya, ndipo akauliza: “Na mimi angeniuliza?” Angemuuliza, tena bila shaka. Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62 nchi hii, na wamo weusi wengi, lakini kichwani mwa dada yule yupo wa sura moja tu. Swali lile lilinikera mimi, yeye lilimuumiza.

Niliposema mimi ni msikilizaji na mchangiaji, akanijibu kipindi kipo kwenye podikasti, nipakue. Najua kipo! Podikasti ni ya mtu na masikio yake. Redio ni ya chumba kizima. Mimi nimelelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam, nyumba yetu ilikuwa inanyamaza kwa matangazo ya vifo, jirani anasikilizia dirishani, na kadi za salamu tulizijaza kwa mwandiko wa kupendeza ili zisomwe. Kule Fresno, California, kuna Radio Bilingüe, iko hewani tangu 1980. Mwanzilishi wake Hugo Morales ni Mmixteco, kabila la wenyeji wa asili wa Oaxaca, Mexico, mtoto wa vibarua wa mashambani aliyefika kusoma sheria Harvard. Wana kipindi cha Kimixteco ambacho watu wa mashamba ya California hutumia kuwasalimu jamaa zao Oaxaca. Hizo si kadi za salamu hizo? Halafu niambiwe hayanihusu.

Niseme na upande wa pili. Kipindi chenyewe kina Kiingereza kingi mno kwa mtu kama mwenzangu. Mara nyingi alinishika mkono nimfafanulie, na Kihispania changu ni cha kuokoteza. Podikasti ya Radio Ambulante, ya Kihispania mwanzo mwisho, ingemfaa zaidi, nami nimemwambia. Lakini Hinojosa huyu ndiye aliyeandikiana na kutembeleana na mfungwa wa Pennsylvania, aliyehukumiwa maisha akiwa kijana mdogo, zaidi ya miaka 20, mpaka akatoka, na kisa chao, Suave, kikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari, mwaka 2022. Mtu wa namna hiyo namvumilia Kiingereza chake chote.

Kipindi nakipa nyota tano. Kituo nilidhamiria kukipa moja. Halafu nikakumbuka kwamba Julai 2025 Kongresi ilifuta dola bilioni 1.1 za redio na televisheni za umma, vituo vimebaki vinahangaika, na huenda dada yule siku hiyo alikuwa ameshatukanwa na watu kumi kabla yangu. Huenda. Nikasema basi, mbili. Lakini ukata haumfundishi mtu kuuliza swali lile, na saa yetu ile sasa wanarudia mazungumzo ya asubuhi ambayo tumeshayasikia. Mbili za nini? Sitoi hata moja. Na bado ni kituo hicho hicho kilichonikutanisha na yule mama, miaka yote tumekaa chumba kimoja bila kujuana, hilo siwezi kulifuta.

Kadi yangu ya benki imeisha muda wake, mchango umekatika wenyewe. Wameshaniandikia barua tatu za adabu kabisa wakiomba namba mpya. Zote nimezisoma. Ziko juu ya friji.