Kamusi ya simu na neno moja lililoishinda

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia programu ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili niliyoipakua kwenye simu, kwanza ile ya bure yenye matangazo, kisha ile ya kulipia, ambayo nimeilipia shilingi 15,000 za Tanzania kwa mwaka mzima. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu nimekwisha kuwaandikia wanaoitengeneza na ningependa wapate nafasi ya kurekebisha. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayetafsiri nyaraka hapa Arusha, na kwa kuwa mpaka wa Namanga hauko mbali, karatasi nyingi zinazofika mezani pangu zimeandikwa Kenya. Sikuipima kamusi hii kwa istilahi za udaktari wala za sheria. Niliipima kwa neno ambalo mwanafunzi wa darasa la tano analijua, yaani “location”.

Nianze na haki yake. Programu inafunguka upesi, inafanya kazi bila bando, na kila nomino ya Kiswahili imewekewa ngeli yake, jambo ambalo kamusi nyingi za simu hazijishughulishi nalo. Ukitafuta neno la Kiingereza “rice”, hupewi neno moja ukaachwa. Unapewa mpunga, mchele na wali, na mbele ya kila moja imeelezwa kama ni kilicho shambani, kilicho kwenye gunia au kilicho kwenye sinia. Aliyeandika ukurasa ule anakijua Kiswahili na anamjua msomaji wake. Ndiyo maana nilishangaa nilipofika kwenye “location” nikakuta maneno matatu tu yamepangwa kwenye mstari mmoja, “mahali, eneo, sehemu”, bila maelezo yoyote, na chini yake mfano mmoja usemao “Mahali hii ni nzuri”.

Mfano huo peke yake unatosha kumfanya mwalimu avue miwani. Mahali ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lakini tangu lilipoingia kwetu limeshika upatanisho wa pa: mahali hapa ni pazuri, mahali pale pamefungwa, mahali pengine. Wapo wanaosema pahali ili hata neno lenyewe lianze na pa. Najua kwamba Nairobi utasikia “hii mahali” kila kona, na mtu wa mtaani simgombezi kwa lugha yake, lakini kamusi ninayoilipia haina budi kunipa Kiswahili sanifu kwanza, na ikitaka kuonyesha matumizi ya mtaani iseme kwamba ni ya mtaani.

Kosa lililonigharimu lilitokea mwezi wa pili. Mjane mmoja aliniletea barua ya chifu kutoka Kenya, iliyothibitisha majina ya warithi wa marehemu, aipeleke katika mahakama ya mwanzo kwenye shauri la mirathi. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikatumia sehemu ya programu inayotafsiri sentensi nzima, nikapitisha jicho juu juu na kuchapa. Anwani ya barua, ambayo kwa Kiingereza ilitaja ofisi ya chifu na jina la lokesheni yake, yaani eneo analoliongoza, ilitoka “Ofisi ya Mkuu wa Mahali”, na lokesheni ndogo ikageuka kuwa “mahali padogo”. Siku mbili baadaye karani alinipigia simu. “Shikamoo mwalimu. Samahani, hapa umeandika marehemu alizaliwa mahali padogo. Padogo kiasi gani?” Nilimwitikia marahaba, nikaomba radhi, nikaenda kuichukua karatasi yangu.

Nakiri kwamba kuchapa bila kusoma vizuri ni kosa langu. Hata hivyo kamusi ya Afrika Mashariki isiyojua kwamba “location” nchini Kenya ni ngazi ya utawala ina pengo kubwa. Lokesheni ni eneo la chifu, na chini yake kuna lokesheni ndogo yenye naibu wa chifu. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, lakini machifu na lokesheni zao walibaki, wakiwa chini ya serikali ya kitaifa. Kitambulisho cha taifa kilichotumika kwa miaka mingi kilionyesha nyuma yake wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo ya mwenyewe, kwa hiyo neno hili limo mifukoni mwa mamilioni ya watu. Ugumu wa kweli ni kwamba Wakenya wanaoandika Kiswahili sanifu huiita lokesheni “kata”, ilhali kwetu Tanzania kata ina diwani aliyechaguliwa na afisa mtendaji, nayo inakaribiana zaidi na kile ambacho Wakenya hukiita wadi. Ukimwandikia hakimu wa Arusha “kata ya fulani”, atamwona diwani asiyekuwepo. Mimi siku hizi naandika “lokesheni ya fulani, yaani eneo la chifu”, na hakuna aliyenirudishia.

Ningetegemea pia mstari mmoja juu ya Afrika Kusini, ambako neno hilo lilikuwa jina la vitongoji walivyotengewa Waafrika nje ya miji ya wazungu, hasa baada ya sheria ya mwaka 1923 iliyozipa manispaa uwezo wa kuvianzisha. “Kasi” ya vijana wa huko imekatwa kutoka jina la Kiafrikana la vitongoji hivyo hivyo, “lokasie”. Na kwa msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesomea Kifaransa, onyo dogo lingemfaa sana: kwake neno lenye tahajia ile ile ni upangishaji, kama kwenye vibao vya magari ya kukodi, na hakukosea, kwa kuwa kitenzi cha Kilatini kilichozaa maneno yote mawili kilimaanisha kuweka mahali na pia kupangisha.

Upande wa Kiswahili kwenda Kiingereza nao una upungufu. Niliandika “lokesheni” nikaambiwa hakuna matokeo, wakati hapa mjini dereva wa bodaboda hakuulizi tena unakaa wapi, anasema “nitumie lokesheni”, nawe unachagua kwenye WhatsApp kama akufuatilie kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Dalali anasifu kiwanja kwamba kiko lokesheni nzuri, na waigizaji wanapiga picha lokesheni. Hata “saiti” ya mafundi wa ujenzi haimo.

Lakini hayo yote yanaweza kuongezwa kwa jioni moja. Linalonisumbua zaidi ni kwamba kamusi inadhani nomino ya Kiingereza lazima ilipwe kwa nomino ya Kiswahili. Katika barua ile ile kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba warithi hawajui “location” hasa ya kiwanja, na programu ikatoa “Mahali halisi pa kiwanja hapajulikani kwa warithi”. Kila neno lina maana, upatanisho umekaa sawa, na hakuna mtu aliyewahi kuzungumza hivyo. Mswahili husema “Warithi hawajui kiwanja kiliko”, basi. Lugha yetu imekiweka kiungo cha mahali ndani ya kitenzi, tena kwa namna tatu ambazo Kiingereza hakina: kiwanja kilipo, ukiwa unaweza kupaonyesha kwa kidole, kiwanja kiliko, ukijua ni upande fulani tu au hujui kabisa, mafaili yalimo, yakiwa ndani ya kabati. Mtafsiri anayeanza kazi akipewa orodha ya mahali, eneo na sehemu, atazipachika kila aonapo “location”, na ukurasa wake utajaa mahali pa hiki na mahali pa kile hadi msomaji achoke. Aya mbili za maelezo juu ya po, ko na mo chini ya neno hili zingekuwa na thamani kuliko kitufe cha matamshi walichokitangaza kwa mbwembwe.

Naipa nyota tatu kati ya tano kwa anayejifunza Kiingereza na kutaka maana ya haraka, na mbili kwa anayetafsiri kwa malipo. Watengenezaji walinijibu wiki moja baada ya barua yangu, wakashukuru na kusema toleo jipya liko njiani. Toleo hilo nimelipakua juzi. “Mahali hii ni nzuri” imeondolewa, ila lokesheni ndogo bado ni mahali padogo.