Chui anagongewa fimbo ili tupate picha?

Nilikusudia kuwasifia, na acha nianze na sifa zao kabla hasira haijanipanda. Bustani hii ya wanyama iko nje kidogo ya Arusha, daladala inakushusha karibu na geti, kiingilio hakiumizi. Sisi wa hapa kila asubuhi tunapishana na Land Cruiser zilizojaa watalii wa Tarangire na Ngorongoro, na wengi wetu hatujapanda hata moja. Hata Hifadhi ya Arusha, pale Momella, unaweza kuzunguka siku nzima ukashiba twiga na mbega, chui usimwone hata mkia. Kwa hiyo mahali ambapo mtoto wa Ngarenaro, mtaani kwetu hapa mjini, anaweza kumwona chui kwa macho yake ni mahali pa maana sana. Nilikwenda na moyo mweupe, na lenzi yangu ndefu ninayopigia harusi.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kwenye banda la mondo, yule paka mwitu mwenye madoa, unaruhusiwa kusogea, na ukiiweka lenzi karibu kabisa na waya, ukafungua tundu lake la kupitisha mwanga hadi mwisho, kisha ukasubiri mnyama arudi nyuma, waya unapotea pichani. Tafuta tu sehemu yenye kivuli, maana waya uliopigwa na jua unatia ukungu mweupe picha nzima. Fokasi ya kamera inayojiendesha yenyewe ilikuwa inang'ang'ania waya badala ya mnyama, nikaizima nikazungusha kwa mkono. Simba dume alilala muda wote, na hilo silalamikii: simba anaweza kulala hata saa 20 kwa siku.

Niliyemfuata hasa ni chui. Alikuwa kwenye ubao wa juu, kidevu kimelala ubaoni, mkono mmoja unaning'inia, mwanga unapenya kwenye majani na kumwangukia mgongoni. Ndiyo kwanza naanza kumpata vizuri, akaja mhudumu na kundi la wageni, fimbo mkononi. Akaanza kugonga waya, kisha akaipenyeza na kugonga ubao wenyewe. "Amka wewe! Wageni wamekuja!" Chui akaruka chini, masikio yamelala nyuma, akakenua meno. Watu wakashangilia, simu juu.

Nikamwambia, "Kaka, mwache bwana, alikuwa ametulia." Hakunitazama hata usoni. "Dada, unataka picha au hutaki?" Halafu, mbele ya watoto, akanyoosha mkono: "Basi toa ya soda."

Wageni wakaenda zao. Chui akabaki anatembea kando ya waya, kwenda na kurudi, akigeukia kona ileile kila mara. Nikatazama chini: pale anapopita udongo umechimbika mfereji, hakuna jani hata moja. Mfereji ule si wa siku moja.

Nikaenda ofisini. Mama niliyemkuta alinisikiliza kidogo, akajibu kwamba wateja wenyewe ndio wanaolalamika wakikuta wanyama wamelala. Mama yangu, mteja akilalamika ndiyo umgongee mnyama fimbo usingizini? Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008! Akaniambia nikiona tabu nisije.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nawapa nyota tatu. Sasa siwezi. Nilishaandika kabisa "msiende", nikafuta, kwa sababu kiingilio chetu ndicho kinachonunua nyama ya chui yuleyule, na kwa sababu yuko binti mmoja, mhudumu wa banda la kobe, aliyewachuchumalisha watoto, akawaambia wapunguze sauti, wakatulia mpaka kobe akatoa kichwa mwenyewe. Picha nilizopata pale ni nzuri kuliko zote za siku ile. Kwa hiyo inawezekana, na wanajua inavyofanyika!

Nendeni, lakini nendeni asubuhi geti likifunguliwa tu, paka wakubwa wakiwa bado wanatembea wenyewe. Akija na fimbo, shusheni simu wote, na ya soda asipewe hata shilingi. Nyota moja, na hiyo ni ya binti wa kobe. Uongozi mkisoma hapa: mnyang'anyeni yule kaka fimbo, na banda la chui limwekeeni mahali pa kujificha. Mkifanya hivyo nitarudi kubadilisha nyota hii, na picha nitawapigia bure.