TAHADHARI: "Dawa ya dino" inayouzwa hapa Mwanza ni mrututu

Wakuu, msitume hela kabla ya kusoma hii. Kuna jamaa anavizia magrupu ya wafuga samaki wa mapambo hapa Mwanza, anajiita mtaalamu. Duka hana. Leo yuko Nyegezi, kesho Buzuruga, na chupa yake ya kuua dino, ute wa kahawia unaovamia matangi ya maji ya bahari, ni 80,000. Ndani yake ni mrututu, yaani chumvi ya shaba.

Najua watakaocheka: mtu amezungukwa na ziwa zima la maji baridi, halafu anafuga matumbawe ya bahari sebuleni. Ndiyo, na chumvi yake naagiza Dar. Tuendelee.

Mwezi wa pili tangi langu la lita 200 lilipata ute wa kahawia kama makamasi, nyuzi zenye vipovu nchani, umetanda mchangani na kwenye mawe. Konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo. Hizo ni dinoflajelati, wenyewe tunaziita dino: viumbe vya seli moja, si bakteria, na baadhi zina sumu. Nikaweka picha kwenye grupu kuomba ushauri. Dakika kumi hazijaisha jamaa kanifuata pembeni.

Akanitumia picha mbili za tangi la "mteja", kabla na baada ya wiki tatu. Masharti yake matamu: nusu sasa, nusu ukiona matokeo. Weka kifuniko kimoja saa tatu usiku, zima taa, amka saa kumi na mbili uangalie. Nikaamka. Mchanga mweupe pee! Nikamalizia 40,000 yake na dua juu. Saa saba mchana ute wote umerudi, na namba yake haipatikani.

Ujanja wote uko hapo. Dino wangu ni aina iitwayo Ostreopsis. Mpwa wangu anayesomea maabara aliwaona kwenye hadubini, umbo la mbegu ya tikiti, wanazunguka kwenye ncha yao kama pia. Hawa usiku huachia mchanga na kuelea majini, taa zikiwaka wanarudi kushika. Ningemimina hata chai ya rangi, alfajiri ningekuta pasafi. Nikazirudia zile picha zake: ganda la konokono limelala chali palepale, na alama ya kidole kwenye kioo ni ileile. Wiki tatu gani hizo? Ni jioni na alfajiri yake.

Yangekuwa maji matupu ningemezea. Siku ya pili kamba wangu wakafa, konokono waliobaki wakafuata, matumbawe yakajikunja yasifunguke tena. Mjomba, mkulima wa kahawa Muleba, alikuwa kwangu wiki ile. Akaiona chupa ya bluu dirishani: "Mrututu mnaufanyia nini ndani ya nyumba?" Akachovya msumari. Muda mfupi tu, ukatoka umevaa rangi ya shaba. Shaba ndiyo sumu ya kamba, konokono na matumbawe, na hunasa kwenye mawe na mchanga wa chokaa ikawa inavuja taratibu. Mawe yangu yote nimeyatupa, na ndiyo yaliyonigharimu kuliko hata dawa yenyewe.

Mtu akikuuzia dawa bila kukuuliza naitreti na fosfeti zako (virutubisho vilivyomo majini) zinasomaje, achana naye. Zangu zote zilikuwa sifuri, na dino hushamiri kwenye maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Mwenzangu wa Ilemela mwenye Ostreopsis hao hao aliacha kubadilisha maji, akapandisha naitreti hadi kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfeti karibu 0.1, akawasha taa ya UV, ya kuua vijidudu majini, usiku kucha, wakati wenyewe wanaelea. Wiki ya tano mchanga ukatulia. Ila kuna aina, kama Amphidinium, zinazojificha mchangani hata usiku. Hizo UV haiziwezi, kwa hiyo tafuta hadubini kwanza. Ukiikosa, tikisa ute kwenye chupa yenye maji ya tangi, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, acha yaliyochujwa kwenye mwanga kama saa moja. Nyuzi zikijisuka upya, ni dino.

RB ya polisi ninayo, na namba ya simu ya jamaa nimeiripoti 15040, kule kwa kuripoti matapeli. Jina na picha ameshabadilisha mara mbili, lakini chupa ni ileile ya dawa ya kikohozi, lebo imebanduliwa nusu, juu yake karatasi ya "DINO KWISHA". Aliyeuziwa aje pembeni, tuunganishe malalamiko.